Nani wa Kuja, Nani wa Hapa

Msimu wa karafuu uliopita nilikaa siku mbili katika bonde moja lililo nyuma ya Wete, nikimsubiri ami yangu amalize kuchuma, na kwa kuwa kupanda mkarafuu kulinishinda tangu utotoni niliwekwa jamvini pamoja na wanawake na watoto kuchambua. Kazi yenyewe haihitaji akili nyingi: unashika shada, unalibana kwenye kiganja na kulizungusha, karafuu zinaanguka upande huu na makonyo upande ule, na baada ya saa moja mikono inanuka hadi viwikoni huku masikio yakiwa huru kusikiliza. Ami, kila alipoteremka, alinitajia miti kama mtu anayetaja jamaa zake. Ule mkubwa ulipandwa na babu yake. Ile sita ya juu ya kilima ilikuwa ya Mwarabu mmoja wa Chake Chake, kisha ikawa ya eka, yaani ya serikali, na sasa hukodishwa msimu kwa msimu. Ile minne ya pembeni mwa kijito ni ya mtoto wa shangazi yake aliyeko Kilifi, ambaye hupelekewa fungu lake kwa simu. Na ardhi tuliyoikalia, kwa sheria, haikuwa ya yeyote kati yao, kwa sababu baada ya Mapinduzi ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya serikali.

Tumezoea kuisimulia historia yetu kama orodha ya waliotutawala: Mreno alikuja, Mwarabu akamtoa, Mwingereza akamweka Mwarabu mkononi, Mapinduzi yakawaondoa wote wawili. Orodha hiyo ni ya kweli na mtihani wa skuli unaitaka, lakini haiwezi kueleza kwa nini mti wa babu na mti wa Mwarabu ulisimama kwenye bonde moja. Nadhani kinachoijenga jamii baada ya vita au safari ni mambo madogo kuliko vita vyenyewe, kama vile mahali mgeni alipojenga, aliyemwoa, na lugha aliyoongea mtoto wao. Naamini pia kwamba neno “wa kuja”, ambalo hutolewa kabatini kila unapokaribia uchaguzi, limetengenezwa zaidi na mipaka iliyochorwa mbali na hapa kuliko na nasaba ya mtu.

Wareno tuwapitie haraka, maana hata wao walipita. Walikuwa na nguvu katika pwani hii kwa karibu miaka 200, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, na wakaipoteza mwaka 1698 baada ya kuzingirwa na Waomani tangu 1696. Walikuwa wachache na wengi wao waliishi nyuma ya kuta. Wametuachia meza, bendera, karata na gereza, neno ambalo kwao lilikuwa na maana ya kanisa, na kwa Pemba kuna mchezo wa ng'ombe ambao wengi huunasibisha nao. Mizinga yote ile, na mavuno yake ni maneno kadhaa na dume la ng'ombe linalokimbizwa uwanjani.

Waliokuja kabla yao hawakuwa na mizinga, na wao ndio waliodumu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107 Miladia, na watu wa kusini mwa Unguja, wa Tumbatu na wa Pemba wamejinasibisha na Shirazi kizazi baada ya kizazi. Wapo wasomi walioliona dai hilo kuwa majivuno matupu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya mifupa iliyofukuliwa katika makaburi ya miji ya kale ya pwani, ikiwemo Manda, Mtwapa na Kilwa, ukaonyesha kwamba kwa upande wa mama asili ya watu wale ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, ilhali kwa upande wa baba sehemu kubwa ilitoka Uajemi, na kwamba kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Babu, basi, hakusema uongo, ila alimsahau bibi. Na bibi huyo aliyesahauliwa alishinda katika jambo ambalo hakuna jeshi lililowahi kulipata hapa, kwani watoto walikua wakiongea lugha yake. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi, akaoa, akangoja kusi kisha asiondoke, hakuwa na njia ya kupeleka Kifarsi jikoni.

Kwa Waomani hadithi ni nzito zaidi, na inafaa kuisoma visiwa viwili kwa pamoja, kwa sababu Unguja na Pemba zilitawaliwa na ufalme mmoja na kupandwa zao moja, lakini ufalme huo haukuingia kwa mlango mmoja. Unguja iliingia katika himaya ya Oman baada ya Mombasa kuanguka. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake hapa kati ya miaka ya 1830 na mwanzoni mwa 1840, ukanda wa magharibi wenye rutuba ulimezwa shamba baada ya shamba na mikarafuu, na Wahadimu, wenyeji wa Unguja, wakajikuta wamesukumwa kwenye uwanda wa mashariki na kusini, penye mawe na udongo wa kina kifupi. Mwinyi Mkuu, mtawala wao wa asili, aliachiwa Dunga, ngoma zake na siwa zake, akiwakusanyia kodi watu wake kwa niaba ya Sultani, mpaka wa mwisho wao alipofariki mwaka 1873 na cheo kikazikwa naye. Mtu wa Makunduchi aliyekuja mjini kwa miguu alipita katikati ya mashamba ambayo hakuna mti hata mmoja uliokuwa wake.

Pemba, kwa upande wake, ilikuwa mikononi mwa Mazrui, ukoo wa Kiarabu uliotawala Mombasa, na mapema katika miaka ya 1820 viongozi wa Wapemba walipeleka ujumbe Maskati kuomba wasaidiwe kuwaondoa. Msaada ulikuja na Mazrui wakaondoka, ingawa aliyeletwa kusaidia hakurudi kwao, kama ilivyo kawaida ya wasaidizi wa namna hiyo. Hata hivyo aliyeitwa huingia kwa adabu tofauti na aliyevunja mlango. Isitoshe, Pemba ni nchi ya vilima vidogo na mabonde yaliyojipinda, haina ukanda mmoja mpana wa kumega, na kwa hiyo Mwarabu alipata kilima hiki na Mpemba akabaki na kile cha pili. Ilikuwepo pia desturi ya mwenye ardhi kumpa mwenzake pori alisafishe na kulipanda mikarafuu, kisha miti inapoanza kuzaa wakagawana nusu kwa nusu. Hapo ndipo ulipokita mizizi utaratibu ambao mgeni wa Pemba huuona kioja, kwamba mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi inayoulisha ikawa ya mwingine. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuisaza ile ya Pemba, kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao lile hadi leo, na mikarafuu hiyo haikuwa ya matajiri wachache peke yao. Walioana, walirithiana, na walishitakiana kwa kadhi juu ya miti, na kushitakiana nako ni aina ya ujirani.

Tofauti hiyo ilingoja kwenye udongo, kisha ikatokea kwenye masanduku ya kura. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31, ilhali vyama vya ZNP (Hizbu) na ZPPP, vilivyoshirikiana, kwa pamoja vilipata 18, na Pemba ndiyo iliyovibeba. Mtu anaweza kuisoma hesabu hiyo kama dhulma ya ukataji wa majimbo, na hoja yake ina uzito, lakini bado anatakiwa aeleze kwa nini Mpemba mwenye jembe mkononi hakulisikia neno “Mwarabu” kama alivyolisikia mkulima wa Unguja aliyelima mihogo chini ya mikarafuu ya mwingine. Mmoja alimfikiria shemeji yake aliyemdai, na mwingine alimfikiria mwenye shamba anayeweza kumfukuza. Mapinduzi ya Januari 1964 yalifika Pemba kama kitu kilichotoka ng'ambo ya maji kwa sababu kisa chake, kwa kiasi kikubwa, kilikuwa kimeiva Unguja.

Sipendi nionekane nimeichora Pemba kama pepo. Mikarafuu ya visiwa vyote viwili ilipandwa na kuchumwa na watumwa, watu waliotolewa Nyasa, kwa Wayao, kwa Wazaramo na kwingineko, ambao safari yao kuja hapa tunapaswa kuiita uhamaji kwa kuwa hatuna neno linalotosha kwa mtu anayehamishwa kwa mnyororo. Soko lao la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Watu hawa hawakuwa na shamba, wala nasaba iliyotambuliwa, wala hata majina yao ya asili. Lakini tazama walichokifanya katika kizazi kimoja. Taarab iliingia katika kasri la Sultani kutoka Misri ikiimbwa kwa Kiarabu, na aliyeishusha kwa Kiswahili hadi ikaingia kila nyumba alikuwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika familia iliyotoka utumwani, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Waliokuwa chini kabisa walibadilisha sauti ya jumba la kifalme, na wajukuu wa Maliwali walikua wakiota ndoto kwa Kiswahili. Wazee wa Kizanzibari walioko Maskati, wengi wao waliokimbilia huko baada ya 1964 au kurejea katika miaka ya 1970, bado hugombana kwa lugha yetu kila wanapotaka kugombana vizuri.

Pengine duniani ilikuwa hivi, pengine haikuwa. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 waliitawala kwa Kifaransa, na baada ya karne tatu wajukuu zao walikuwa wanaongea Kiingereza, lugha ya walioshindwa, japo imejaa maneno ya kasri. Misri, iliyofunguliwa na majeshi ya Waarabu katika miaka ya 640, ilikwenda njia nyingine, kwani Kikopti kilirudi nyuma polepole kwa mamia ya miaka hadi kikabaki cha kanisani, kwa sababu baada ya majeshi zilifuata kabila nzima za kuhamia pamoja na dini na ofisi za serikali zilizoandika Kiarabu. Zanzibar ilipata dini, ikapata pia ofisi zilizoandika Kiarabu, lakini haikupata kabila nzima na wanawake wao, na kwangu mimi hilo ndilo linaloeleza mengi.

Kilichokuja kuwagawa watu hawa waliochanganyika ni daftari. Waingereza walipohesabu watu kwa mbari walimtaka kila mmoja awe kitu kimoja, na watu, ambao si wajinga, wakajibu kulingana na faida. Katika sensa ya 1924 maelfu ya watu waliandikwa Waswahili, na kufikia ile ya 1931 waliobaki na jina hilo walikuwa wachache mno, kwa kuwa jina lilikuwa limeanza kunuka utumwa na wengi walikuwa wamehamia kwenye Uhadimu, Utumbatu na Ushirazi. Hawakuvuka bahari yoyote, walihama wakiwa wamekaa barazani kwao. Ulipokuja mgao wa chakula wa Vita Kuu ya Pili, uliopangwa pia kwa mbari, jina lililoandikwa kwenye kadi likawa ndilo linaloamua kama mtu atakula mchele au unga. Nyumba moja ingeweza kuwa na ndugu wawili wa mbari mbili, na sufuria moja.

Kisha kuna kutengana, ambako tukikutaja leo tunafikiri juu ya Muungano tu, kana kwamba visiwa hivi havijawahi kumegwa kabla ya hapo. Zanzibar yenyewe, kama dola, ilizaliwa kwa kutengwa. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, wanawe Thuwaini na Majid waligombea urithi, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, akaamua kwamba Maskati iwe ya mmoja na Zanzibar ya mwingine, na Zanzibar, iliyokuwa tajiri zaidi, iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Hakuna mtu wa Unguja wala wa Sur, huko Oman, aliyeulizwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba milki ya Sultani barani iwe ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni. Mwaka 1890 Wajerumani wakauchukua upande wao wa ukanda huo kwa malipo ya marki milioni 4, na Mafia ikaenda pamoja nao, ndiyo maana leo Mafia ni Tanzania Bara ingawa hakuna mvuvi wa Kilindoni aliyewahi kupiga kura ya kuiacha Zanzibar. Mwaka 1905 miji ya Benadir, katika pwani ya Somalia, iliuzwa kwa Italia. Na mwezi Oktoba 1963, London, wiki chache kabla ya uhuru wa Zanzibar na wa Kenya, Mwambao, yaani ukanda wa pwani uliobaki wa Sultani, ulitolewa kwa Kenya kwa makubaliano, na bendera nyekundu ya Sultani iliyokuwa ikipepea Ngome ya Yesu ikateremshwa. Walikuwepo watu wa Mombasa na Lamu waliotaka Mwambao ujitenge, na walikuwepo waliotaka uingie Kenya, lakini bahari haikusikiliza upande wowote, na mashua ziliendelea kwenda na kurudi.

Ukitaka kuona mpaka kama huo unavyofanya kazi, tazama Ngazija na visiwa vyenzake vya Komoro, ambako Wangazija wa Mji Mkongwe bado wana jamaa. Katika kura ya Desemba 1974 Maore (Mayotte) ilichagua kubaki na Ufaransa ilhali visiwa vingine vitatu vikachagua uhuru, uliotangazwa Julai 1975. Kwa miaka 20 watu wa Nzwani (Anjouan) waliendelea kwenda Maore kwenye harusi na mazishi. Mwaka 1995 Ufaransa iliweka viza, na safari ya kilomita zipatazo 70 ikageuka biashara ya magendo inayomwaga watu baharini usiku. Nzwani nayo ilijaribu kujitenga mwaka 1997, baadhi ya watu wake wakiomba warudishwe kwa Ufaransa, na jambo hilo lilimalizwa Machi 2008 na majeshi ya Umoja wa Afrika ambayo ndani yake walikuwamo wanajeshi wa Tanzania. Watu wa visiwa vile hawajahama mahali popote. Wamelala wenyeji na kuamka wageni wa binamu zao.

Kwa hiyo mjadala wetu wa Muungano hunichosha kwa namna unavyoendeshwa. Tanzania iliyozaliwa tarehe 26 Aprili 1964 iliitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, tarehe 13 Aprili 1968, na hoja aliyoitoa Mwalimu Nyerere wakati huo ni kwamba umoja hauwezi kusimama bila ridhaa ya wanaounganishwa. Wanaotaka Zanzibar ijitenge huikumbuka hoja hiyo kuliko wanaotaka serikali moja, na Katiba ya Zanzibar, tangu marekebisho ya 2010, inaitaja Zanzibar kuwa nchi. Mimi sina ugomvi na anayedai ridhaa. Nina ugomvi na pande zote mbili zinapoizungumzia mistari na kuwasahau waliokwisha kuivuka: Mpemba mwenye duka Kariakoo ambaye watoto wake hawajawahi kuona mkarafuu, na fundi wa Kinyamwezi wa Kwamtipura, Unguja, ambaye babu yake alikuja kabla ya Mwingereza. Somaliland na Somalia ziliungana kwa hiari Julai 1960 na kuachana Mei 1991, na kwa zaidi ya miaka 30 Somaliland iliendesha uchaguzi na kuchapisha sarafu bila kutambuliwa na mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa. Anayeachana na mwenzake huchora mstari mpya, na mstari huo lazima umpitie mtu fulani katikati ya nyumba.

Namjua mmoja ambaye umempitia, yule mwenye mikarafuu minne ya pembeni mwa kijito. Baba yake alikuwa mvuvi aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, kila msimu upande wa Shimoni, Vanga na Kilifi, kama Wapemba walivyofanya kwa miaka mingi, kwa sababu samaki hawajui mamlaka na kwa sababu pande zote mbili za mlango wa bahari zilikuwa za Sultani mmoja. Msimu mmoja alioa huko na dago likawa nyumba. Ilipofika Desemba 1963 hakusafiri kwenda popote, lakini aliingia katika nchi ya watu, na mwanawe akazaliwa bila karatasi ya huku wala ya kule. Hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kufungua akaunti, wala kupata leseni ya kuvua katika bahari aliyoogelea tangu mtoto. Januari 2001, watu wapatao 2,000 wa Pemba walipovuka kukimbilia Shimoni baada ya maandamano kukomeshwa kwa risasi, waliwakuta jamaa kama hawa, wenye kuwafahamu kwa lafudhi na wasio na haki hata ya kuwakaribisha. Ilichukua mpaka mwaka 2023 kwa Kenya kuwatambua rasmi Wapemba kama mojawapo ya makabila yake, na mtu wetu akapata kitambulisho akiwa na mvi.

Jamvini tulifurahi kwa niaba yake, mpaka kijana mmoja anayesomea sheria akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, na haki ya kutumia ardhi ya Zanzibar imewekewa Wazanzibari. Je, Mkenya huyu mpya bado ana mikarafuu minne nyuma ya Wete, au kitambulisho kimemnyang'anya? Wengine wakasema miti si ardhi. Mmoja akasema kwa sheria ya leo haijulikani. Ami alikuwa ameshateremka na anakunywa maji, akasikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, kisha akachukua pakacha akapanda tena. Jioni tulipopima kwa pishi, fungu la Kilifi lilitiwa kwenye gunia lake, likafungwa kamba nyekundu kama kila msimu.